Nijiite nani kwenye kadi na kwenye makadirio ya bei? Nafanya picha na dizaini peke yangu, Unguja

rangi_za_mji

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nnapiga picha za hoteli na mikahawa, natengeneza menyu, logo na video fupi za mitandaoni. Sina muajiriwa. Kazi ikiwa kubwa namchukua mtu wa kamera ya pili na mwengine wa taa, nawalipa kwa siku. Jina la biashara nimesajili BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar) na TIN ninayo.

Sasa nachapisha kadi mpya na natengeneza tovuti. Wenzangu wote wananishauri niandike "Mkurugenzi wa Ubunifu" au "Mkurugenzi Mtendaji". Hoja yao ni kwamba mameneja wa hoteli za Paje na Nungwi hawamsikilizi mtu aliyejiita mpigapicha tu: watamuuliza picha moja shilingi ngapi, watampa chakula cha mchana, basi. Mimi naona ni kujivisha kilemba cha ukoka.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Cheo gani naweza kukiandika bila ya kudanganya? Niseme "mimi" au "sisi"? Na zile kazi nilizofanya kama msaidizi wa mpigapicha mwengine, naziwekaje kwenye potifolio bila ya kumdhulumu mwenyewe na bila ya kujifuta mimi?

wino_na_karatasi

Wa alaykum salaam. Unguja hii kila kadi ina mkurugenzi, wafanyakazi ndio hawaonekani.

Katika kazi zetu hakuna bodi inayotoa leseni ya kuitwa mpigapicha au mkurugenzi wa ubunifu. Hatuko kama wakili, mhandisi au msanifu majengo, ambao lazima wasajiliwe. Kwa hiyo hakuna atakayekupeleka mahakamani kwa cheo ulichoandika. (Isipokuwa usijiite "mwandishi wa habari" kwa sababu tu una kamera, hapo unaingia kwenye mambo ya vitambulisho vya waandishi.) Tatizo liko kwengine: kila cheo kina kazi zake, na mteja anayeijua tasnia atazidai kwenye kikao cha kwanza.

Mkurugenzi wa ubunifu ndiye anayeamua wazo la kazi nzima na kuwaongoza wengine walitekeleze: mpigapicha, mwandishi wa maneno, mpambaji, mhariri wa video. Akikaa na meneja masoko anatarajiwa aje na wazo lililoandikwa kwa ukurasa mmoja, picha za mfano zinazoonesha mwanga na rangi anazozitaka, orodha ya fremu, na awe na jibu akiulizwa kwa nini rangi hizi na si zile. Hoteli nyingi za Kiwengwa na Nungwi zinaendeshwa na watu waliofanya kazi na ajensi za kwao. Wakisoma cheo hicho wanakuja na maswali hayo. Ukiwajibu "tutapiga kwanza, halafu tutachagua", umeshuka bei mbele ya macho yao, na hata upigaji wako mzuri sasa wanautilia shaka.

Msanifu wa chapa naye ana mzigo wake. Anatoa logo ya vekta (inayokuzwa bila ya kuharibika) kwa SVG na PDF, toleo la kulala na la kusimama, toleo la rangi moja kwa ajili ya muhuri na kushonwa kwenye fulana, namba za rangi za skrini na za uchapaji, fonti pamoja na leseni zake, nafasi ya kuachwa pembeni ya logo, na upana wa chini kabisa inaporuhusiwa kuchapwa, tuseme milimita 20. Anayetuma JPG moja kwa WhatsApp amechora logo. Hakuna aibu, lakini cheo na bei viwe vya kuchora logo. Kinachoharibika ni pale JPG ile ya pikseli 800 inapopelekwa kwa fundi wa vibao Mwanakwerekwe aikuze mita 3. Kingo zinachanika, rangi ya buluu inageuka zambarau kwa sababu faili ilikuwa ya skrini, na anayetafutwa ni yule aliyejiita msanifu wa chapa.

Prodyusa: hichi watu wanakiandika ovyo kupita vyote. Prodyusa ndiye anayebeba vibali. Kurekodi filamu au tangazo kuna BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar. Droni ina TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa Abeid Amani Karume uko karibu na mji, kwa hiyo kurusha juu ya Mji Mkongwe si jambo la kuamka asubuhi ukaamua. Yeye pia ndiye mwenye karatasi za ridhaa za watu wanaoonekana, boti, chakula cha kikosi na mpango wa mvua ya masika. Kama hutaki kuulizwa habari za kibali, usijiite prodyusa.

Msimamizi wa picha kwenye video si sawa na mpiga video. Yeye ndiye anayeamua taa zikae wapi na kwa nini. Akirekodi ndani ya mkahawa wenye taa za LED za bei rahisi, picha zikacheza mistari, kosa ni lake. Umeme wetu ni hezi 50, na alitakiwa aweke kasi ya shata 1/50 au 1/100, ajaribu sekunde kumi, kisha akizime kile kitaa kinachosumbua.

Sasa jibu langu kwako. Kwenye kadi andika unachofanya kila wiki: "Mpigapicha na msanifu wa michoro". Uongozi wa ubunifu uweke kwenye kazi husika. Ile kazi ambayo wazo lilikuwa lako na uliwaongoza wa kamera ya pili na wa taa, kwenye orodha ya walioshiriki jiandike "Wazo na uongozi wa ubunifu", na wao waandike kwa majina yao. Hapo cheo kina ushahidi. Kazi nyengine ulipopewa orodha ya fremu ukaipiga, wewe ni mpigapicha wa kazi ile, basi.

hesabu_safi

Niongezee upande wa makaratasi, maana hapa ndipo "Mkurugenzi" anapokwama.

Umesema umesajili jina la biashara. Jina la biashara halikutenganishi na biashara yako: wewe ndiye biashara, na deni lake ni deni lako. Hakuna wakurugenzi hapo, kuna mmiliki. Mkurugenzi ni wa kampuni iliyosajiliwa, yenye wanahisa na hati zake. Ukisaini mkataba kama "Mkurugenzi" wa kitu ambacho si kampuni, mwanasheria wa hoteli atauliza cheti cha kampuni, na hunacho.

Andika hivi kwenye mkataba: jina lako kamili, "anayefanya biashara kwa jina la" kisha jina la biashara. Chini ya saini: "Mmiliki". Halafu hakikisha jina linalingana pahala pane: mkataba, ankara, TIN na akaunti ya benki. Ankara ikiwa na jina la studio na akaunti ina jina lako binafsi bila ya maelezo, mhasibu anaiweka pembeni, na malipo ya wiki mbili yanakuwa ya miezi miwili. Watu hulalamika kuwa hoteli hazilipi, na mara nyingi karatasi zao wenyewe ndizo zinazogombana.

Jengine: kwenye malipo ya huduma hoteli inaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Ankara ya 1,000,000 unapokea 950,000. Hujaibiwa. Dai hati ya kodi ya zuio na uihifadhi, kwa sababu ile 50,000 inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Asiyeichukua hati ndiye anayelipa mara mbili.

"Mimi" au "sisi": kwenye mkataba ni "mimi". Kwenye tovuti ukitaka "sisi", wataje hao wa kamera ya pili na taa, kwa idhini yao, na useme wanaitwa kwa kazi kubwa. Mteja akiamini nyinyi ni watu sita atakupa tarehe mbili zinazogongana, na hapo utamjibu nini?

dada_wa_masoko

Nnaandika kwa upande wa anayenunua. Kaka wino kasema kweli kuhusu kuulizwa, lakini kuna pahala sikubaliani naye, nitafika.

Kwanza niondoe dhana moja: cheo kwenye kadi ni nadra kukisoma. Anayeniletea karatasi yenye mstari mmoja, "Picha za hoteli: 500,000", nitamuomba anipunguzie, hata akijiita Mkurugenzi Mkuu wa Afrika Mashariki, kwa sababu sina kitu chengine cha kujadili naye isipokuwa hiyo namba. Anayeniletea mchanganuo tunajadili mchanganuo. Kwa mfano:

Siku 1 ya kupiga, kuanzia saa 12 asubuhi hadi magharibi, mapumziko jua likiwa utosini. Vyumba 6, picha 4 kila chumba. Bwawa na ufukwe, picha 8. Sahani 8 za mkahawani. Jumla picha 40 zilizohaririwa. Faili za uchapaji upande mrefu pikseli 5,000, za tovuti pikseli 2,000. Kukabidhi ndani ya siku 10 za kazi. Marekebisho duru 2. Duru ya tatu inalipiwa. Matumizi: tovuti, mitandao ya kijamii na vipeperushi vya hoteli kwa miaka 2, mabango na kupewa mawakala wa utalii ni makubaliano mengine. Advansi nusu, salio kabla ya faili kubwa kutolewa. Vyumba viwe vimepangwa na kupigwa pasi mashuka kabla ya saa 1 asubuhi. Kuchelewa kwa upande wa hoteli hakurefushi siku.

Mstari wa mwisho ndio unaomtambulisha fundi. Unaonesha mtu anajua kinachoharibu siku ya kupiga picha hotelini, nao ni chumba ambacho mgeni hajatoka na shuka lenye mikunjo, na ukungu kwenye lenzi inayotolewa kwenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la ufukweni. (Weka mfuko wa kamera nje nusu saa kabla.) Karatasi hiyo naipeleka kwa bosi wangu bila ya kuongeza neno.

Sasa pale nisipokubaliana. "Mpigapicha na msanifu wa michoro" ni kweli, lakini ni pana mno. Wako wengi. Cheo chembamba kinalipwa zaidi kuliko kikubwa: "Mpigapicha wa hoteli na vyakula". Ukiandika picha, harusi, logo, fulana, video, tovuti na droni kwenye kadi moja, ninachosoma ni kwamba huna unachokijua vizuri. Dizaini iweke kwenye tovuti, ukurasa wake.

Na fomu za makao makuu ya hoteli za nje zina kisanduku cha wadhifa. Jaza "Mmiliki na mpigapicha". Hakuna atakayekurudishia.

Kuhusu usiku wa bure hotelini badala ya pesa: ukikubali, andika thamani yake kwenye ankara kama malipo, siyo zawadi. Ukiacha tupu, mwaka ujao bei yako kwetu inajulikana kuwa ni sahani ya pweza.

rangi_za_mji

Ahsanteni sana, nimefaidika. Dada, hiyo "mpigapicha wa hoteli na vyakula" imeniingia.

Bado mawili. Lile la kazi za usaidizi sijajibiwa. Na kuna kazi nilizozitengeneza kwa mazoezi, mkahawa wa kubuni, menyu na logo yake, naweza kuziweka? Pia bei ya siku naipangaje bila ya kuangalia mwengine katoza ngapi?

kamera_ya_chake

Nitajibu la potifolio, maana ndilo linalogombanisha watu, khasa kisiwani ambako kila mtu anajua nani alisimama nyuma ya kamera.

Kisheria: Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994. Ibara ya 6bis ya mkataba huo inampa mtunzi haki ya kutambulika kuwa kazi ni yake, na haki hiyo inabaki kwake hata baada ya kuuza haki za kibiashara. Picha aliyoitunga, akaipanga na kuipiga mpigapicha mkuu ni yake, hata kama wewe ndiye uliyeshika kiakisi mwanga, ukabeba stendi na ukasafisha vumbi kwenye lenzi. Picha ulizozipiga wewe kwa kamera ya pili ni suala la makubaliano yenu. Kama hamkuandikiana, muulize sasa, kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha: "Naomba kuweka picha hizi 6 nilizopiga kama kamera ya pili, nitakutaja kuwa mpigapicha mkuu." Wengi wanakubali. Wanachokataa ni kushtukizwa.

Maelezo chini ya kila kazi yawe na mambo manne: mteja na pahala, mwaka, ulichofanya wewe, na nani alifanya kilichobaki. Mfano: "Hoteli ya ufukweni, Jambiani, 2024. Kazi yangu: kamera ya pili, picha 6 za mkahawa, na usahihishaji wa rangi wa picha zote 40. Mpigapicha mkuu:" na jina lake lenye kiungo cha ukurasa wake. Inachukua mistari mitatu. Na usidhani inakupunguza. Meneja akisoma "usahihishaji wa rangi wa picha zote 40" anajua una stadi ya pili anayoweza kuinunua peke yake.

Logo za wateja zilizopangwa mstari chini ya maneno "Tumefanya kazi na" ni pahala pa uongo mwingi. Kama ulichapisha kipeperushi kimoja cha tamasha la pale Ngome Kongwe, huwezi kuiweka logo ya tamasha lote kana kwamba ulisimamia chapa yao. Andika "kipeperushi, 2023". Na mteja wa kupitia mtu wa kati, ambaye ajensi ndiyo iliyosaini naye, mtaje kwa idhini ya ajensi. Mikataba mingine ina kifungu cha usiri.

Kazi za mazoezi weka bila ya wasiwasi, lakini neno "zoezi, si kazi ya mteja" liwe juu, pale jicho linapoanzia, siyo kwa herufi za milimita moja chini ya ukurasa. Usitumie jina la mkahawa uliopo. Na ulifanye zoezi kwa masharti ya kweli: menyu ya A4 iwe na pikseli 2,480 kwa 3,508, nafasi ya kukatwa ya milimita 3 kila upande, rangi za uchapaji (CMYK), bei zisizolingana urefu, na sahani moja yenye jina refu kama "pweza wa nazi na wali wa mchele wa Pemba". Dizaini nyingi za mazoezi zinapendeza kwa sababu kila neno ndani yake lina herufi tano.

Sasa uaminifu wa picha zenyewe, ambao wengi hawauhesabu kuwa ni suala la heshima. Mgeni analipa kwa kuangalia picha yako. Chumba cha mita 4 kwa 4 ukikipiga kwa lenzi ya milimita 16 kinaonekana ukumbi, na kitanda kilicho karibu kinavutika kama mpira. Kwa kamera ya sensa kamili anza na milimita 24, kamera iwe juu kiasi cha mita 1.2, mistari ya kuta isimame wima. Kama chumba hakienei kwenye fremu, simama mlangoni, au piga fremu mbili. Kufuta doa la ukuta sawa, maana kesho litapakwa rangi. Kufuta nguzo ya umeme iliyo mbele ya dirisha, au jengo la jirani, ni kuuza kitu kisichokuwepo. Vivyo hivyo kuiongezea bahari kwa akili mnemba. Ukitumia zana hizo hata kwa kupanua anga tu, mwambie mteja kwa maandishi picha zipi, maana baadhi ya majukwaa ya kuuzia vyumba na mashindano ya picha huuliza.

Na bahari. Ukanda wa mashariki, kutoka Jambiani na Paje kwenda juu Kiwengwa, maji yakipwa yanarudi nyuma mamia ya mita, unabaki mchanga na mashamba ya mwani. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku yanasogea mbele kiasi cha dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye, siku za maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana), saa kumi jioni ndiyo kupwa. Mpigapicha anayepanga siku ya kazi bila ya kuangalia mwezi anafika na kamera ya milioni tano kupiga picha ya tope. Panga bamvua. Jioni ile maji yamejaa, na jua liko mgongoni kwako ukiielekea bahari, kwa hiyo ile rangi ya feruzi inatoka yenyewe bila ya kuipaka kwenye kompyuta. Kisha mshauri mteja aweke picha moja nzuri ya maji yaliyokupwa, ya saa nne asubuhi, kati ya zile nane za ufukweni. Mgeni anayefika akakuta mchanga mtupu huku hajaambiwa anaandika malalamiko, na hoteli inamlaumu mpigapicha. Ushauri wa namna hii ukiutoa kwenye kikao cha kwanza, hakuna atakayekuuliza cheo.

Wanawake wa mwani nao si mapambo ya fremu. Wakionekana sura zao kwenye picha ya biashara, karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti, na walipwe muda wao kama unavyolipwa wako. Kupwa ndiyo saa yao ya kazi, na wewe unaila.

hesabu_safi

La bei. Nakupa njia, namba ni za mfano, weka zako.

Tuseme unahitaji 1,200,000 kwa mwezi kwa maisha yako. Gharama za kazi, yaani intaneti, programu, umeme, nauli na daladala la dharura: 300,000. Uchakavu wa vifaa: kamera na lenzi za 5,400,000 ukizigawa kwa miezi 36 ni 150,000, na hii ndiyo watu wanayoisahau, halafu kamera ikila chumvi ya bahari wanakopa. Jumla 1,650,000. Ongeza asilimia 10 ya kodi na akiba: 1,815,000.

Siku za kazi kwa mwezi ni 22, lakini nusu zinakwenda kwenye kutafuta wateja, kuandika makadirio, kufuatilia malipo. Zinazolipwa ni kama 11. Gawanya: 165,000 kwa siku. Hiyo ni siku ya kazi, siyo ya kupiga tu. Kazi aliyoichanganua dada inakula nusu siku ya maandalizi, siku moja ya kupiga na siku mbili za uhariri: 3.5 mara 165,000 ni 577,500, kabla ya msaidizi, usafiri wa Mjini hadi Jambiani na haki za matumizi. Unaona kwamba "500,000" ya mstari mmoja ilikuwa hasara kabla ya kupunguzwa.

Mteja akiwa na 400,000 tu, usishushe bei ya siku. Shusha kazi: picha 25, duru moja ya marekebisho, matumizi mwaka mmoja. Ukishusha bei bila ya kushusha kitu, umemwambia kuwa ile ya mwanzo ilikuwa ya kubahatisha, na hilo ni suala la uaminifu pia.

wino_na_karatasi

Dada wa masoko kanishinda kwenye cheo chembamba, nakubali. Ila "mmiliki" asiliweke kwenye kadi, hilo ni la mkataba.

rangi_za_mji

Nimeandika hivi kwa ajili ya kadi, mnionaje:

Mbele: jina langu, chini yake "Mpigapicha wa hoteli na vyakula, Unguja na Pemba".
Nyuma: "Timu yetu inakuletea picha, menyu na video za kiwango cha kimataifa", simu, tovuti.

dada_wa_masoko

Mbele pako sawa. Kama Pemba hujawahi kuifanyia kazi lakini uko tayari kwenda, iache; ni eneo unalohudumia, hudai uzoefu. Ila weka nauli ya boti kwenye makadirio mapema, pamoja na usiku mmoja wa kulala Chake.

Nyuma futa mstari wote. "Timu" huna, na "kiwango cha kimataifa" hakina kipimo. Weka "Picha · Menyu · Video fupi", simu ya WhatsApp yenye +255 kwa ajili ya wageni, na anuani ya tovuti inayofungua moja kwa moja ukurasa wa kazi za hoteli.

kamera_ya_chake

Na kabla hujapeleka kwa mchapaji: milimita 85 kwa 55, ongeza 3 kila upande za kukata, maandishi yakae ndani milimita 5 kutoka ukingoni, herufi zisipungue pointi 7, faili PDF yenye fonti zilizogeuzwa kuwa maumbo. Omba nakala moja ya majaribio uione juani kabla ya kuchapisha 200. Karatasi ya kung'aa haiandikiki kwa kalamu, na mameneja wanapenda kuandika tarehe ya miadi nyuma ya kadi, kwa hiyo nyuma chagua isiyong'aa.